Mbwa na minyoo: watu wa Malindi, tupeane uzoefu

Mwenye Simba: Jana Simba kajiburuta matako barazani, nyuma vimening'inia vijipande kama punje za mchele, vinacheza. Nyie mwawapa dawa kila lini? Mie nakiri, mwaka na nusu sijampa.

Mkaa Barani: Mie nikikumbuka tu.

Bi Shela: Hizo punje ni tegu. Chukua dawa yenye prazikwanteli, si kila dawa ya minyoo humuua. Na maliza viroboto, akimeza kiroboto anajirudishia.

Mama Wawili: Umenikumbusha Idi ya mwaka juzi. Tulikuwa na mtoto wa mbwa wa wiki sita, tumbo kama dafu, tukisema ameshiba. Mama mkwe akaja na sinia la tambi, ndiyo kwanza anavua viatu mlangoni. Kile kitoto kikakohoa mara mbili, kikatapika mbele ya miguu yake donge la minyoo weupe, urefu wa kidole, bado wanajinyonga. Akatazama chini, akatazama sinia, akavaa viatu vyake. Neno hakusema. Mbwa tulimzika kesho yake alfajiri. Daktari wa mifugo akaniambia huwapata tangu tumboni mwa mama yao: dawa ianze wiki ya pili, kisha kila wiki mbili hadi ya nane. Mie nilikuwa nikingoja akue.

Kijana wa Maweni: Pole. Tambi zilienda wapi?

Ustadhi: Mbwa mlangoni siku ya Idi! Mate yake ni kuosha mara saba, moja kwa udongo.

Mama Wawili: Alikuwa nje. Soma vizuri.

Babu Muyeye: Mbegu za papai na kitunguu saumu. Dukani mnaibiwa.

Bi Shela: Babu, kitunguu saumu ni sumu kwa mbwa, chaharibu damu.

Babu Muyeye: Wangu hawajaambiwa.

Mshona Nyavu: Cheka tu. Mie nilikaa mchangani Silversands pekupeku. Baadaye mguuni mstari mwekundu, umepinda kama umechorwa na mtoto, kila asubuhi umesogea. Kuwasha kwake usiku, wallahi! Kumbe safura ya mbwa, hupenya ngozi. Okoteni mavi ya mbwa wenu.

Mkaa Barani: Pwani nzima? Tukupe wewe toroli.

Mwenye Simba: Nimerudi. Muuza dawa kataka kilo za mbwa, nikampima kwenye mzani wa samaki. Kilo 19. Sasa mwenye mzani kasoma hapa, ataka niuoshe mara saba.