Naomba ushauri: kitufe cha pawa kinazima kifaa badala ya kukilaza

Wakuu, habari za kazi. Tuna kifaa cha mkononi kinachotumia mfumo endeshi wa Linux, tunarekodia lita za maziwa kituoni. Karani akikitia mfukoni, kitufe cha pawa kikiguswa kidogo tu kinazimika kabisa. Juzi asubuhi wafugaji wamesimama foleni na ndoo zao, sisi tunasubiri kiwake, na rekodi ya mwisho haikuwa imehifadhiwa. Iliniuma sana, ile ni hela ya mtu.

Nimeingia kwenye faili la mipangilio ya mfumo, /etc/systemd/logind.conf, nikabadilisha HandlePowerKey (inayoamua kitufe cha pawa kifanye nini) kutoka poweroff (kuzima) kuwa suspend (kulaza). Sasa kinalala vizuri, ila ukikiamsha kinalala tena papo hapo, kama vile mbonyezo mmoja umesomwa mara mbili. Nahisi programu ya kiolesura nayo inakisikiliza kitufe hichohicho. Je, niweke ignore (mfumo ukipuuze kitufe) niiachie programu yetu kazi hiyo, au nitumie amri ya systemd-inhibit yenye handle-power-key, inayozuia mfumo usikishughulikie kitufe wakati programu yetu inaendelea? Kukishikilia kitufe kwa muda mrefu nataka kuendelee kuzima, ili kifaa kikiganda tusikwame. Aliyewahi kupitia hili naomba anielekeze alivyofanya.