Kubana matumizi serikalini: baraza la wafanyakazi lina meno au tunaenda kunywa chai?

Mtumishi Mpole
Wakuu habari za jioni. Niko taasisi moja ya umma hapa Dodoma, siitaji maana ugali wangu uko humohumo. Wiki ijayo tuna kikao cha baraza la wafanyakazi kupitia rasimu ya bajeti na safari hii menejimenti inataka kila idara ije na mapendekezo ya kubana matumizi. Sawa, jambo zuri. Ila mwaka jana tuliambiwa hivyohivyo, watu wakaandika, wakabishana mpaka jioni, tulichokuja kuona chai ya saa nne imefutwa, ovataimu ya madereva na masekretari imekatwa nusu na AC za ofisi za chini zimezimwa, halafu safari za ghorofa ya juu haikuguswa hata moja. Nauliza, kuna mtu baraza lake liliwahi kupendekeza kitu kikakatwa kweli huko juu? Na mjumbe akisema ukweli anabaki salama au ndio anakuta barua ya uhamisho mezani?

Mzee wa Makabrasha
Mkuu baraza sio hisani ya bosi wako. Lilianza na Agizo la Rais namba 1 la 1970 enzi za Mwalimu, baadaye ikaja Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya 2003. Tatizo ni kwamba linashauri tu, halafu mwenyekiti wake ni nani? Si huyohuyo mkuu wa taasisi, sasa nani atainua mkono kwenye kikao chake amwambie safari zako zimezidi. Angalia na muda mnaoitwa, ukomo wa bajeti umeshashuka kutoka Hazina, vifungu vimeshajazwa, hapo mtachezea nini zaidi ya chai?

Dereva STL
Ngoja niseme tunayoyaona sisi barabarani. SGR ilipoanza kwenda Dodoma 2024 tulijua V8 zitapumzika, nauli ya daraja la kawaida 31,000 tu kutoka Dar. Kinachotokea sasa, mkubwa anapanda treni, mimi naamshwa saa tisa usiku natangulia na gari tupu kilomita 450 hivi ili akishuka stesheni ya Dar anikute nimpeleke hotelini. Tiketi imelipwa, dizeli imelipwa, mimi nimelipwa posho ya kulala, tairi ndio hizo zinaisha. Kwenye logibuku naandika "kikazi" basi. Mhasibu hawezi kuliona hilo hata akeshe, maana risiti ipo, saini ipo, kilomita zinakubaliana na mafuta. Na ofisi ya Dar ina magari mawili yamelala yadi! Moja likampokee, kwisha. Nitakosa posho ndio, ila mgongo nao unauma jamani. Hakuna aliyeniuliza, na mjumbe wetu madereva ni mmoja, kikao kilichopita muda uliisha kabla hajapewa nafasi.

Sina Chama
Tusijifanye malaika hapa. Kazi ya siku moja inapelekwa Morogoro siku nne eti kikao cha kujifungia, kwa sababu ikifanyika ofisini hakuna posho. 2022 posho za safari za ndani zilipandishwa, kima cha juu kikatoka 120,000 mpaka 250,000, na ilikuwa haki kabisa maana watu walikuwa wanalala gesti za ajabu, lakini matokeo yake kila ripoti sasa haiandikiki mpaka mjifungie. Mtumishi Mpole kapendekeze barazani kwamba kujifungia kote kufanyike ofisini uone. Hatanuna bosi peke yake, atanuna na jirani yako wa meza aliyeshaanza msingi wa nyumba kwa hizo hela.

Mama Zamu
Mimi muuguzi. Naogopa zaidi ile ya kukata kwa kalamu bila kuuliza. Aprili 2017 walitajwa watumishi 9,932 wenye vyeti feki wakaondoka, na sisemi wangebaki, cheti feki ni feki. Nasema kuhusu siku iliyofuata. Kuna zahanati zilibaki hazina mtu, na aliyejua zahanati ipi itakwama ni mpanga zamu tu, naye hakuulizwa na yeyote. Ukikata mtu lazima ujue usiku atakaa nani, hiyo haipo kwenye mfumo wowote wa mishahara.

Msafiri wa Nakuru
Nawasalimu kutoka Kenya. Huku baada ya yale maandamano ya Juni 2024 na ule mswada wa fedha kuondolewa, Rais alitangaza Julai mashirika 47 ya serikali yavunjwe, na wale wamefikisha miaka 60 waende nyumbani bila kuongezewa muda. Hata mimi nilipiga makofi. Lakini kule nafanya kazi, watu walianza kuulizana sisi tuko kwa hiyo orodha ama hatuko, na wakubwa nao hawakujua. Karani wa masijala angekuambia kwa dakika tano faili gani tunashughulikia sisi na wizara tena inarudia ileile. Hakuna mtu alimfikia.

Mtumishi Mpole
Nimewasoma wote, asanteni. Sina Chama umenichoma kidogo ila ndio ukweli. Sasa hilo la Dereva nalipelekaje bila kuonekana namlenga mtu? Maana magari yanayokwenda tupu kwetu yapo na kila mtu anajua ya nani.

Mzee wa Makabrasha
Usitaje mtu, taja kifungu cha bajeti. Lipitishe kwa katibu wa tawi la TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, liingie kama hoja ya wafanyakazi kwa maandishi kabla ya kikao, sio wewe kusimama na hasira zako. Omba jedwali la safari za robo mwaka: gari, kutoka wapi, kwenda wapi, abiria wangapi. Hiyo safu ya abiria ndio itakayoongea. Halafu hakikisheni imeandikwa kwenye muhtasari, maana menejimenti ikiikataa itabidi iandike sababu, na mkaguzi akija muhtasari anausoma. Ila jiandae, wataleta na la kwenu, kujifungia Morogoro. Likija msiruke.

Dereva STL
Logibuku zangu ziko tayari, safu ya abiria ina sifuri nyingi tu. Mkiniita mbele ya baraza nakuja, ila mseme mapema kikao kinafanyika ofisini au Morogoro.