Mjadala: Dawa ya zamani kwa kirusi kipya, ni salama?

Mwana Chamwino: Wakati wa korona watu walihangaikia klorokwini, dawa ya malaria, na ivamektini, dawa ya minyoo. Hoja yangu: dawa tuliyoimeza miaka yote, madhara yake yanajulikana. Likija gonjwa jingine, kwa nini tusianze nayo?

Mfamasia Area C: Yanajulikana kwa dozi ile, kwa ugonjwa ule. Klorokwini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na ukichanganya na azithromaisini, dawa ya kuua bakteria, hatari inaongezeka. Marekani waliruhusu haidroksiklorokwini, ndugu yake klorokwini, kwa dharura Machi 2020, Juni wakafuta. Na wafugaji wa Kongwa, hapa Dodoma, wasije wakachota ile ivamektini ya mbuzi.

Mfugaji: Dada, kwa nini Kongwa? Waliomeza ya farasi ni Wamarekani, mpaka mamlaka yao ya dawa ikawakanya 2021. Sisi tunakadiria uzito wa mnyama ndipo tunachoma sindano. Wanaobugia vidonge kwa kusikia ni nyie wa mjini.

Mzee wa Majengo: Mmesahau klorokwini ilivyokuwa inawasha! Unajikuna usiku kucha. Si Tanzania waliiondoa kwa ajili hiyo, 2001 kama sikosei?

Mwana Chamwino: Mwaka ndio huo, mzee wangu, ila sababu ni malaria kuizoea. Ikaja SP, dawa nyingine ya malaria, kisha dawa mseto. Turudi kwenye swali: deksamethazoni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, nayo ni ya zamani, tena bei ndogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitangaza Juni 2020 kwamba kwa wagonjwa wa korona waliowekewa mashine ya kupumulia vifo vilipungua kwa theluthi.

Mfamasia Area C: Na waliokuwa kwenye oksijeni walipata nafuu kidogo. Ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwasaidia, na huenda iliwadhuru. Dawa ileile, virusi vilevile! Ndiyo maana lazima ijaribiwe upya, hata kama bibi yako aliitumia.

Mfugaji: Kongwa hujajibu.

Mfamasia Area C: Sijatukana mtu, kaka. Nilisema chupa ya mifugo ina dawa kali, imepimiwa ng'ombe wa kilo mia kadhaa.

Mfugaji: Ulisema wafugaji. Chupa hukuitaja.

Mama Mpwapwa: Samahani, hivi mbuzi akishachomwa hiyo ivamektini, nyama tunangoja siku ngapi?

Mfugaji: Inategemea chupa, mama, lebo inaandika. Ni wiki kadhaa, si siku mbili.

Mzee wa Majengo: Wiki? Na hawa mbuzi tunaowachoma nyama pale mnadani Msalato kila Jumamosi, nani anauliza walidungwa lini?

Mfamasia Area C: Hilo mzee ningependa mfugaji atujibu.

Mfugaji: Mimi siuzi mnyama kabla muda haujaisha. Waulizeni wachuuzi.