Gumzo la Ukoo, Shela Malindi: Mercedes ya Swaleh

Jumamosi

Swaleh: Asalaam aleikum nyote. Nimepata Mercedes E280 ya 2006, nyeusi, viti vya ngozi, haina mkwaruzo. Mwenyewe yuwataka laki nane na nusu. Ami Famau, nipe baraka zako kabla sijatoa pesa.

Khalati Zuhura: Mashallah! Arusi ya Mwanaisha gari tushapata.

Ami Famau: Waaleikum salaam. Usitoe hata shilingi kwanza. 2006 mwezi gani?

Swaleh: Mwezi wa nini tena ami?

Ami Famau: Mwezi ndio wenye maneno. Zilizotoka kabla ya katikati ya 2006 zina breki za SBC. Ukikanyaga, kompyuta ndiyo inayoiamuru pampu ya umeme isukume mafuta ya breki. Na pampu ile ina hesabu ndani yake, kila ukikanyaga inajumlisha. Hesabu ikitimia, dashibodi inawaka nyekundu. Na mfumo ule ukizima njiani, pedali inazama na unabaki na breki za mbele peke yake. 2004 Mercedes wenyewe waliyaita magari 680,000 yarudi kwa ajili ya breki hizo.

Anwar: Lakini ami, baada ya hapo walirudisha breki za kawaida. Kama hii ni ya mwisho wa mwaka si salama?

Ami Famau: Breki ndiyo. Sasa njoo kwenye injini. E280 ya mwaka huo ni V6, yaani silinda sita, aina waiitayo M272. Za mwanzo mwanzo zina gia ndani, ya shafti inayotuliza mtikisiko, na chuma chake hakikuwa kigumu vya kutosha. Meno yanalika. Gia yenyewe unaishika mkononi, lakini kuifikia lazima injini ishushwe ifunguliwe yote, na kazi hiyo itakula pesa nyingi katika hiyo laki nane. Baadaye waliirekebisha. Nambari ya injini itatwambia yako ni ya lini, nitumie picha.

Swaleh: Mwenyewe yuwasema haina shida. Nimeiwasha mwenyewe, imewaka mara moja, haina hata sauti.

Ami Famau: Boneti ilikuwa moto ama baridi?

Swaleh: Moto. Alikuja nayo.

Ami Famau: Swaleh mwanangu, nisikize. Gari yangu ya kwanza ya kifahari niliinunua Mombasa, magharibi imeingia, mwenyewe kaiacha inanguruma. Sikuuliza kwa nini haizimi. Kesho yake nikampakia mama kuja Malindi, tukavuka daraja la Kilifi salama, tulipofika Matsangoni injini ikagonga mara tatu ikanyamaza. Dashibodi haikuwa imenionya kwa taa hata moja. Nilipokuja kuifungua huko gereji nikakuta nyuma ya taa ya injini kipande cha tepu nyeusi, kimekatwa duara vizuri, kimebandikwa. Tangu siku ile nikifungua ufunguo nazitazama taa zote ziwake, kisha zizimike. Taa isiyowaka kabisa yanitisha kuliko inayowaka.

Shangazi Mwanakombo: Mama alikuwa ametoka hospitali siku ile. Tulimtoa garini akakaa kwenye jiwe kando ya njia, jua kali. Sisahau.

Swaleh: Pole sana ami. Hili sikuwa nalijua.

Anwar: Nunua Crown ya Japani bwana, uishi.

Ami Famau: Crown nzuri, na spea zake hazikusumbui. Lakini nayo ile V6 ya lita 2.5 yatia masizi kwenye valvu, mafuta yanapigwa moja kwa moja ndani ya silinda hayazioshi. Na mtu akiwa habadilishi oili, hata Crown itakufa. Mimi sisemi asinunue Mercedes. Za 2008 na 2009 ni gari hasa, nimezitengeneza, nazipenda. Nasema aijue hii moja anayoinunua.

Khalati Zuhura: Na chumvi je? Zinazokaa karibu na bahari zinaoza chini.

Ami Famau: Ahsante Zuhura. Inua tapeti ya buti, betri iko huko nyuma upande wa kulia. Kama kuna unyevu au vyuma vimefanya unga mweupe, maji yameingia, na nyaya ziko papo hapo. Halafu ingia chini na tochi. Logibuku itafute kwenye mtandao wa NTSA, wale wa kusajili magari, uone jina ni lake au pana benki humo inayoidai. Na mwambie asiiwashe, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugonjwa wake. Nenda alfajiri, uiguse boneti kabla hujamsalimu.

Jumapili

Swaleh: Ami, niko kwake. Saa 12 na dakika 10. Boneti ni moto.

Ami Famau: Moto wa jua?

Swaleh: Jua halijatoka.

Ami Famau: Rudi nyumbani na pesa zako.