Dogo ana kifafa, juzi kazimia uwanjani, ECG ya nini?

Dada wa Mbagala: Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri. Mdogo wangu ana miaka 21, kifafa anacho tangu primari, anakunywa Tegretol na imemtuliza, sema usiku bado kinamwangusha hasa akiruka dozi. Sasa juzi yuko mpirani anakimbia akadondoka ghafla, hakukakamaa, hakutoa povu, kapauka tu muda mfupi halafu huyo kaamka anauliza mpira uko wapi. Daktari kaandika ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, mzee anasema moyo wa nini wakati ugonjwa uko kichwani. Na dogo anataka kuhamia geto, mi nasikia wenye kifafa wanafia usingizini, kweli au stori za kijiweni?

Tabibu Mstaafu: Ni kweli, kwa watu wazima ni kama mmoja kati ya 1,000 kwa mwaka, ila hatari haiko sawa kwa wote, anayepata vile vikubwa vya kukakamaa usiku na analala peke yake ndo yuko pabaya. Mara nyingi kifafa kikiisha pumzi inakata kwanza, moyo unafuata, na wengi wanakutwa wamelala kifudifudi. Hilo la uwanjani ni jingine kabisa dada. Kuanguka katikati ya mbio, kupauka, kuamka na akili timamu papo hapo, hapo nawaza moyo. Kuna watu wamezaliwa na hitilafu kwenye umeme wa moyo, unakimbia ovyo, damu haifiki kichwani, wanaanguka na hata kutupa miguu, watu wanadhani ni kifafa, wanameza dawa za kifafa miaka na miaka. Hiyo inaua. Mpira asiguse mpaka apimwe. Na ulizeni kwenye ukoo kama kuna kijana aliyekufa ghafla, au aliyezama wakati anajua kuogelea.

Kobe Mzee: Apelekwe kwa wataalam wa kienyeji, hospitali hawayajui haya

Mama Pacha: Kobe acha basi. Binamu yangu aliitwa wa kifafa tangu sekondari, ECG ndo ikaonyesha QT ndefu, moja ya hizo hitilafu za umeme wa moyo, saa hizi anatumia propranololi, dawa ya moyo, na hajaanguka tena.

Chalii_R: Hata Cameron Boyce yule wa Disney alifia usingizini 2019, kifafa, miaka 20 tu

Dada wa Mbagala: Mmh mmenitisha. Kwa hiyo Tegretol aiache kwanza?

Tabibu Mstaafu: Asithubutu! Akiikata ghafla kifafa kitarudi kwa kasi na ndo njia ya hicho unachokiogopa. Kweli ina shida kwa baadhi ya mioyo, lakini aliyemwandikia ndo abadilishe akishaona ECG. Kipimo chenyewe ni waya za kifuani, dakika chache, haumi mtu.

Mama Pacha: Geto aende na mshkaji anayejua kumlaza ubavu, na asimtie kijiko mdomoni.

Dada wa Mbagala: Mshkaji yupo ila analala kama gogo 😂 Jumatatu tunaenda kupima, mzee nitamsomea huu uzi.