Wanataka kumpoza baba hadi nyuzi 18 na kusimamisha damu, mama amekataa. Naombeni ushauri

Binti Chumbageni:
Shikamooni wakubwa zangu, wengine habari za saa hizi. Baba yangu ana miaka 61, presha anayo siku nyingi. Mwaka huu sauti ilianza kumkauka, tukadhani mafua. Hospitali ya Bombo wakampiga picha ya kifua, tukapewa rufaa ya Dar, na kipimo cha CT ikaonyesha aota, ule mshipa mkuu wa damu, imetanuka pale kwenye upinde, yaani inapopinda juu ya moyo, hadi sentimita 6.2.

Daktari alituchorea nyuma ya fomu. Akasema ili kipande hicho kibadilishwe, mwili utapozwa hadi nyuzi joto 18, moyo usimame, na mzunguko wa damu usimamishwe kabisa kwa muda. Mama akajifunika mtandio usoni. Tangu hapo kauli yake ni hiyo hiyo: "Mtu wa baridi, hana mapigo, mnamwita nani kama si maiti?" Baba mdogo yuko upande wake. Baba mwenyewe anasema tuelewane kwanza.

Jambo hili lipo kweli? Ubongo unasalimika vipi? Tuulize nini kabla ya kusaini?

Mzee wa Raskazone:
Pole sana binti yangu. Kwa umri huo mimi ningemwacha nyumbani, dawa za presha na dua. Kupasuliwa kifua si mchezo.

Mtu wa Usingizi:
Mzee wangu, shikamoo. Dua ni lazima na dawa za presha asiache hata siku moja, ila upinde ukifika sentimita 5.5 kwa kawaida madaktari huanza kuzungumzia upasuaji, na yeye ameshapita hapo. Ukipasuka nyumbani, wengi hawafiki hospitali.

Dada, nimekaa vyumba vya upasuaji wa moyo, nikueleze. Mishipa ya kichwa na mikono inachipuka kwenye upinde huo huo. Huwezi kuubana na kuushona huku damu inapita, ndiyo maana inasimamishwa. Kinachomlinda mgonjwa ni baridi. Kila nyuzi moja ikishuka, mwili unapunguza mahitaji ya oksijeni kwa takriban asilimia 6 hadi 7. Kwenye 18 ubongo unakuwa karibu kimya, unatumia oksijeni kidogo sana.

Wala hawamwingizi kwenye friji. Damu inapita kwenye mashine ya moyo na mapafu, inapozwa humo taratibu, na kichwani anazungushiwa mifuko ya barafu. Wakifika nyuzi wanazotaka, mashine inazimwa na saa inaanza kuhesabiwa kwa sauti. Dakika 30 hivi ndizo zinazohesabiwa kuwa salama. Zikipita 40, hatari ya kiharusi inapanda. Siku hizi wengi wanapeleka damu kichwani peke yake kupitia mshipa wa chini ya bega la kulia, kwa hiyo ubongo haukai mtupu, na wengine hawahitaji kushuka hadi 18.

Si jambo la majaribio. Mwaka 1952 huko Minnesota, Marekani, daktari wa upasuaji John Lewis alimpoza binti wa miaka 5 hadi nyuzi 28, akaziba tundu la moyo wake, mtoto akapona. Upasuaji wa upinde wa aota kwa baridi kali, daktari Randall Griepp na wenzake waliuandika mwaka 1975.

Hatari zipo, sitakuficha: damu kugoma kuganda, figo kuchoka, kiharusi. Muulizeni daktari anatarajia kusimamisha kwa dakika ngapi, kichwani atapeleka damu kwa njia gani, na amefanya upinde mara ngapi. Hilo la mwisho watu wanaona aibu. Ulizeni.

Mpangani:
Mjomba wangu alifanyiwa India. Kilichotutisha ni baadaye. Kule ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, alipoamka alikuwa akimwita kaka yake marehemu na kung'oa mipira. Shangazi alilia akijua ndiyo basi. Akili ilirudi kidogo kidogo, leo anasoma gazeti. Mwandaeni mama kwa hilo mapema.

Binti Chumbageni:
Allah awalipe. Nimemsomea mama yote. Ameuliza kitu kimoja: wakati damu imesimama, atasikia baridi?

Mtu wa Usingizi:
Hapana. Analala usingizi wa dawa kabla hawajaanza kumpoza, na anaendelea kulala mpaka arudishwe joto. Kurudisha ndiko kunakochukua muda mrefu, maana joto likipanda haraka au likazidi 37 ubongo unaumia. Kwa hiyo mkiona saa zinakwenda nje ya mlango, msidhani kimeharibika kitu. Mwombeni daktari wa usingizi akae na mama peke yao, awe huru kuuliza. Na kuanzia leo, baba akipata maumivu makali ya ghafla ya kifua au mgongo, ya kuchana, msingoje kuche. Bombo moja kwa moja, na majibu ya CT mkononi.

Mzee wa Raskazone:
Nimesoma, nimeelewa. Binti, mkihitaji watu wa kuchangia damu niandikie, nina vijana wawili hapa.