Kama Yesu ni Mungu, alikuwa akimwomba nani Gethsemane?

Muuliza swali, Moshi

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Ninauza mitumba katika soko la Memorial, na jirani yangu wa meza ni mzee Mwislamu ambaye tumelindiana mali kwa miaka mingi. Juzi, tukiwa tunafungua marobota, aliniuliza kwa heshima kabisa: ikiwa mnaamini kwamba Yesu ni Mungu, usiku ule wa Gethsemane, bustani alimoomba kabla ya kukamatwa, alikuwa akimwomba nani? Nilibaki na shati mkononi, sina neno. Imani ya Mitume ninaikiri kila Jumapili tangu kipaimara, lakini sikuweza kumjibu.

Naomba pia kujua imani hii inagusa wapi maisha ya mtu. Mdogo wangu aling'oa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, katika kihamba (shamba la ukoo) tulichoachiwa na marehemu baba, akayapanda upya hatua tatu ndani ya upande wangu. Tangu hapo hatusalimiani, na kila nikifika pale pa "utusamehe makosa yetu" ulimi unakuwa mzito.

Mwalimu wa dini, Arusha

Milele amina, ndugu yangu. Mzee huyo ameuliza swali ambalo Wakristo wenyewe waliliuliza mapema sana, kwa hiyo usilichukue kama shambulio.

Alikuwa akimwomba Baba. Sisi tunakiri Mungu mmoja katika Nafsi tatu, na Mwana si Baba, ingawa umungu wao ni mmoja. Hivyo Yesu anapoomba hajiombi mwenyewe, bali Mwana anasema na Baba yake kama alivyokuwa naye tangu milele. Yohana anaanza Injili yake hivi: "naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu." Neno ndiye huyo Mwana. Tazama kwamba anayasema yote mawili kwa pumzi moja, wala haoni haja ya kuchagua. Ndiyo sababu mfano wa maji, barafu na mvuke, ambao wengi wetu tulifundishwa utotoni, ninauomba uachwe: unamfanya Mungu awe mmoja anayebadilisha sura, na hapo swali la mzee linakosa jibu kweli.

Lipo na jambo la pili. Neno alifanyika mwili, akawa mtu kamili mwenye njaa, usingizi, machozi na nia ya kibinadamu, na mtu kamili huomba. Katika karne ya nne kasisi Ario wa Aleksandria alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, mkubwa kuliko viumbe vyote lakini kiumbe. Maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 wakakataa, wakakiri kwamba amezaliwa bila kuumbwa na ana umungu mmoja na Baba. Mwaka 451, huko Kalkedonia, Kanisa likakiri kwamba Kristo huyo mmoja ana asili mbili, ya Mungu na ya mtu, zisizochanganyika wala kutenganishwa. Kwa hiyo maneno "Baba ni mkuu kuliko mimi" na ungamo la Tomaso, "Bwana wangu na Mungu wangu", yote yamo katika Injili moja, nasi hatulazimiki kuficha mojawapo.

Usimwambie mzee kwamba fumbo limekwisha. Mweleze tunachokiamini, naye akueleze anachokiamini, kisha mwendelee kulindiana meza.

Mzee wa Kanisa, Marangu

Mwanangu, Mwalimu amejibu la kwanza vizuri, nami nitashika la pili, kwa kuwa umetaja masale.

Sisi tuliozaliwa mlimani tunajua kwamba jani lile linaloonyesha mpaka ndilo linalobebwa kuombea msamaha. Aliyekosa hulichuma, akaenda nalo kwa aliyemkosea, na anayepelekewa isale ni vigumu sana kukataa. Ni desturi njema nami ninaiheshimu. Lakini ndani yake mkosaji ndiye anayepanda kilima, na aliyekosewa hukaa kwake akingoja.

Sasa soma Paulo anapowaandikia Wakorintho kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Aliyekosewa ndiye aliyetoka. Kama Yesu angekuwa mjumbe tu, hata mjumbe bora kuliko wote, tungesema kwamba Mungu alibaki kwake akatuma mtu mwingine aje ateseke. Lakini tukikiri kwamba Yesu ni Mungu kweli, tunasema kwamba mwenye haki ya kungoja hakungoja. Hapo ndipo imani ya Nikea inapoingia kihambani kwako. Wewe ni mkubwa, na wewe ndiye uliyekosewa. Kwa mila, una haki ya kukaa barazani hadi aje.

Mama wa Majengo, Moshi

Shikamoo mzee wangu. Ninakubaliana nawe, ila ninaomba kuongeza jambo moja, kwa sababu nimeona watu wakiambiwa "samehe" ili wanyamaze. Kusamehe si kusema kwamba mpaka haukusogezwa. Zakayo aliposhukiwa na wokovu aliahidi kurudisha mara nne, na Yesu hakumzuia. Kaka, nenda kwa mdogo wako, lakini wazee wanaojua mpaka ulipokuwa waitwe, na hatua tatu zizungumzwe mchana kweupe.

Mzee wa Kanisa, Marangu

Marahaba, mwanangu. Umesema kweli. Asiende kumwachia uongo. Aende kwanza amsalimie, na habari ya mpaka ifuate wakiwa wameketi.

Muuliza swali, Moshi

Nimesoma yote mara mbili, na majibu ya Mwalimu nimemsomea jirani yangu leo asubuhi. Amesema hakubaliani nayo, lakini sasa ameelewa tunachosema, akaniagizia chai. Kuhusu mdogo wangu, nimempigia simu kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Hakupokea, ila baada ya saa moja mkewe amenipigia, akaniambia Jumamosi watakuwa nyumbani.